Akiba ya Pindo

Kwao walimwita Inchi Moja, na jina hilo hakupewa kwa ufupi, maana kimo chake ni cha kawaida tu kama mimi na wewe. Lilitokana na kushona. Ukimpelekea kitambaa akakutengenezea suruali, ikakukaa vizuri, siku ukiigeuza ndani utakuta kila mshono umeachiwa inchi nzima, imekunjwa, imetulia, inasubiri. Huo ni ubavuni tu. Chini kwenye pindo anaacha zaidi, na kama mteja ni mtoto ndiyo usiseme. Watu walimtania kwamba ukivaa suruali ya Inchi Moja umevaa suruali mbili, moja ya leo na moja ya utakaponenepa.

Yeye hakuona la kucheka. Kazi alifundishwa na shangazi yake, mshonaji wa nguo za watoto, mwanamke mkali ambaye rula yake ya mbao ilipima vitambaa na migongo pia. Neno la kwanza alilomwambia, kabla hata ya kumwonyesha namna ya kutia uzi kwenye sindano, ni kwamba nguo haishonewi siku ya leo. Mtoto atarefuka, bibi harusi atazaa, mzee atapungua, na nguo ya dada mkubwa itamfikia mdogo. Kwa hiyo acha kitambaa ndani, akiba haiozi. Inchi Moja akalishika hilo miaka ishirini na saba, mpaka mkono ukawa unapiga mstari wa chaki inchi moja nje ya kipimo wenyewe, hata akiwa anapiga soga na mteja, hata akiwa anasinzia.

Sasa mtu kama huyo mpeleke nchi ya watu uone.

Safari ililetwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa ametangulia ugenini miaka sita na kazi yake kusafisha mabasi kwenye karakana kubwa. Jirani na karakana palikuwa na kiwanda kidogo cha kushona sare, na siku moja wakabandika mlangoni tangazo la kutafuta fundi. Shemeji si mtu wa kuona nafasi akaipita. Alivua suruali aliyoshonewa na Inchi Moja, akaipiga picha nje na ndani, akaenda kumwonyesha mwenye kiwanda. Picha ya nje ikapendwa sana. Ya ndani hakuna aliyeitazama vizuri, na matatizo yote ninayotaka kuyasimulia yalianzia hapo.

Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa. Miezi mitatu ya majaribio. Akifaulu, mwenye kiwanda ataweka sahihi kwenye karatasi ya ajira, na kwa karatasi hiyo Inchi Moja ataruhusiwa kuwaleta mkewe na binti yao. Akishindwa, atarudi na sanduku lake alikotoka, na hakuna wa kumlaumu.

Binti alikuwa na miaka kumi, na baba yake alimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, kwa sababu alikuwa mdogo na hatulii, anazunguka tu kutwa. Asubuhi ya safari Inchi Moja alitaka kumpima, akakuta futi imeshafungiwa sandukuni na sanduku limeshapigwa kamba. Akachukua uzi mweusi, akamsimamisha mtoto mlangoni, akapiga fundo kwa mabega, fundo kwa mkono, fundo kwa urefu. Akaukunja ule uzi ndani ya kipande cha gazeti, akautia mfuko wa shati. Akamwambia kwamba huko kuna baridi, na siku atakayofika atakuta koti lake linamsubiri. Bobini akauliza siku gani. Akajibiwa karibuni, na mtoto akakubali kwa shingo upande.

Basi akafika ugenini, na wa kwanza kushukuriwa naye alikuwa mlango. Pale uwanja wa ndege ulifunguka wenyewe alipoukaribia, naye akadhani kuna mtu mwenye adabu amemfungulia, akageuka akasema asante, akakuta hakuna mtu. Shemeji aliyekuja kumpokea alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku. Kwenye treni Inchi Moja akaona dirishani jua limewaka barabara, akavua sweta, na waliposhuka baridi ikamkamata masikio. Hapo akajua kwamba ziko nchi ambazo jua lake ni la kuangalia tu.

Nyumba ya Shemeji ilikuwa ghorofa ya nne, chumba kimoja na jiko, na Inchi Moja akatandikiwa kitanda cha kukunja kati ya friji na dirisha. Chini ya dirisha lilipita bomba la kuleta joto, na alfajiri lilikuwa na tabia ya kugonga. Asubuhi ya kwanza liligonga mara tatu, naye akaitika karibu. Likagonga tena, akaamka, akavaa, akafungua mlango wa nje, akatazama kushoto na kulia. Siku ya tatu ndipo alipopata ujasiri wa kumuuliza Shemeji kwa nini watu wa hapa hubisha hodi halafu hukimbia, na Shemeji, nawaambia, alikosa mbavu.

Lakini kilichomsumbua zaidi ni salamu. Kwao mtu husalimiwa akaulizwa hali, watu wa nyumbani, kazi, na kama mna nafasi hata mbuzi. Ngazini alikutana na mama wa ghorofa ya tano mwenye mbwa mdogo, akamsalimu kwa lugha ya pale aliyoisoma kwenye simu, akamuuliza habari za asubuhi, za nyumbani na za mbwa. Yule mama akaongeza mwendo. Shemeji ikabidi amkalishe chini. "Shemeji, hapa salamu ni moja tu, ukiongeza ya pili mtu anajiuliza unataka nini. Ukimuuliza habari za nyumbani atadhani unataka kuhamia." Inchi Moja akakubali kwamba ukifika kwa wenye chongo nawe fumba jicho. Akafumba. Ila aliendelea kumsalimia mbwa, kwa sababu mbwa alikuwa anaitika.

Kazini nako alikuta mambo. Kiwanda kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa, cherehani saba za umeme, meza ndefu ya kukatia katikati, na kila mtu na kipande chake. Huyu kola, yule mikono, yule vifungo. Alikuwepo bwana mmoja aliyekuwa ameshona zipu miaka kumi na mmoja, zipu tu, hajawahi kushona nguo nzima akaiona ikivaliwa. Inchi Moja alimwonea huruma, na nadhani yule bwana naye alimwonea huruma yeye.

Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi, mkasi umening'inia shingoni kwa utepe mweusi saa zote, na kwa hiyo kimoyomoyo Inchi Moja akampa jina la Mama Mkasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kipimo, na mtu wa kipimo ukimzoea hana shida. Pembeni, kwenye mvuke, alisimama Mpiga Pasi, mwanaume mnene wa makamo, naye mgeni kutoka nchi nyingine kabisa. Yeye na Inchi Moja hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, kwa hiyo walielewana vizuri sana. Mshono ukiwa mzuri, Mpiga Pasi alipuliza mvuke mara mbili. Ukiwa mbaya, alipuliza mara moja kisha akatazama dari.

Kitu kimoja kilimshinda Inchi Moja kukimeza. Mteja haonekani. Maisha yake yote alishona mtu akiwa mbele yake, akajua bega lipi limeshuka, nani anatembea kwa kupanua miguu, nani anajibana tumbo wakati wa kupimwa. Hapa mteja alikuwa karatasi. Inaingia karatasi ina tarakimu, inatoka nguo, inafungwa kwenye boksi, kwaheri. Na karatasi iliagiza kila mshono uachiwe sentimita moja tu ndani, basi, unene wa kidole kidogo. Alimuuliza Shemeji, je, mtu akinenepa? Shemeji akasema atanunua nyingine. Na mtoto akikua? Atanunuliwa nyingine. Inchi Moja akaenda kulala na hiyo nyingine kichwani.

Hata hivyo alijitahidi. Wiki kumi nzima alishona vipande vilivyokatwa na fundi mkataji, sentimita moja ni sentimita moja, hakuongeza wala hakupunguza. Alijifunza maneno kama mia ya lugha yao, na zaidi ya nusu yalikuwa ya uzi na sindano. Mama Mkasi akaanza kutikisa kichwa cha kukubali akipita nyuma yake. Mambo yalikuwa yananyooka, jamani, mambo yalikuwa yananyooka kabisa.

Wiki ya kumi na moja fundi mkataji akaenda likizo. Ikaingia oda ya bendi ya shule, watoto thelathini na wawili, suruali na vizibao vya sufu ya buluu iliyokoza. Onyesho lao lilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile. Vizibao vilikuwa vimeshakatwa kabla. Mama Mkasi akamtazama Inchi Moja, akatungua mkasi mkubwa ukutani, akamkabidhi. Suruali akate yeye, ashone yeye. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuzungumzia karatasi ya ajira, na kila mtu mle ndani alielewa kwamba huo ndio mtihani.

Sasa Jumapili iliyotangulia, mchana, alikuwa ameongea na mkewe kwa simu. Walizungumza habari za vyeti na picha za pasipoti, kisha mkewe akamwambia, kwa kupitishia tu, kwamba sketi ya shule ya Bobini ameiteremsha pindo lote, limekwisha. Inchi Moja akauliza lote vipi. "Lote, baba Bobini. Nimefika mwisho wa kitambaa." Sketi hiyo aliishona mwenyewe na kuiachia inchi tatu, akitarajia imfikishe mtoto darasa la mbele. Mtoto amezimaliza, na nyingine amezimaliza yeye akiwa hayupo, akishona sare za watu. Iliumiza. Alisema vizuri, vizuri, akaaga, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu akasimama mbele ya meza. Kitambaa kilitandazwa tabaka juu ya tabaka, unachora kwenye tabaka la juu halafu unapitisha mashine ya kukatia mara moja, suruali zote za saizi hiyo zinatoka pamoja. Akapiga chaki saizi ndogo, ya kati, kubwa. Mkono ulikwenda vizuri, haukusita. Kichwa chake kilikuwa mlangoni kwake, kwenye ule uzi wenye mafundo, akihesabu mtoto atakuwa amefika wapi sasa. Akawasha mashine, akakata.

Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Alikuwa ameacha inchi. Kila ubavu inchi, na kwenye pindo inchi juu ya sentimita tatu zilizoagizwa na karatasi.

Hakugundua yeye. Jumanne saa nne suruali zikahesabiwa, zikawa ishirini na tisa, na kitambaa kimekwisha kwenye roli. Zilipungua tatu. Mama Mkasi akahesabu mara ya pili, akachukua suruali moja, akaigeuza ndani. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Alivaa miwani, akachukua futi, akapima mshono mmoja, akapima wa pili, na aliposema alisema polepole ili Inchi Moja asikose hata neno. "Niliandika sentimita moja. Hii ni nini?"

Inchi Moja alikuwa na jibu zuri sana la Kiswahili, lenye shangazi ndani yake na methali mbili. Kwa lugha ya pale yalimjia maneno matatu. Akasema, "Mtoto. Kesho. Mrefu."

"Kesho atanunua nyingine," Mama Mkasi akasema. "Kesho si kazi yako."

Akaeleza kwamba kitambaa cha rangi hiyo kinatoka mbali na hakifiki chini ya siku kumi. Akaagiza mishono yote ipunguzwe, ubavu na pindo, ilingane na karatasi. Kuhusu ile karatasi nyingine, wataongea Ijumaa. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.  Inchi Moja alimwona Bobini, alimwona mkewe na zile picha za pasipoti ambazo alichana nywele mara mbili ili azipige, akajiona mwenyewe akishuka kwenye ndege na sanduku lile lile. Kwa inchi moja. Shangazi, umeniponza, alisema moyoni, na alimkasirikia kweli mwanamke ambaye yuko kaburini mwaka wa tisa.

Mpiga Pasi ndiye aliyemwita kwa kidole. Akalaza suruali moja mezani, akapitisha pasi ubavuni, akaonyesha. Sufu ilikuwa nzito, na ile inchi ndani yake ilituna nje kama mshipa wa shingo. Akapuliza mvuke mara moja, akatazama dari. Ukweli usemwe, Mama Mkasi alikuwa na haki. Vitambaa alivyovizoea Inchi Moja ni vyepesi, vinakubali kukunjwa, sufu hii haikubali. Akachukua mkasi, akaanza kupunguza ubavu mmoja baada ya mwingine, ishirini na tisa, na vipande vyembamba vikaanguka miguuni pake mpaka vikafunika viatu.

Alipofika kwenye mapindo, mkono ukakataa. Aliusogeza mkasi mara mbili na mara mbili akaurudisha. Pindo halikutuna, lilikaa vizuri, hata Mpiga Pasi alilipulizia mara mbili. Sasa la kukatia ni lipi? Mtu mwingine angelikunja kimyakimya akanyamaza, na mimi nakiri ningefanya hivyo. Yeye akapiga moyo konde, akaenda mpaka kwenye meza ya Mama Mkasi na suruali mkononi, akamwonyesha ubavu, akasema ndiyo. Akamwonyesha pindo, akasema hapana. Tangu aingie nchi hiyo hakuwahi kumwambia mtu hapana. Mama Mkasi akamtazama, akatazama saa ya ukutani, akatazama rundo la vizibao ambavyo havina vifungo, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Hakuwa na muda wa kubishana na mtu anayeondoka Ijumaa.

Suruali tatu zilizopungua alizitoa kwenye mabaki. Alifika Jumatano kabla ya wenzake wote, akamwaga mfuko wa vipande sakafuni, akaviunga, akaweka maungio juu, kiunoni na nyuma, mahali ambapo kizibao kitafunika, na chini akaacha pindo lile lile. Kwao hiyo si kazi ya kujivunia, ni kazi ya kila siku. Nani ana kitambaa cha kutosha? Bwana wa zipu alikuja kusimama nyuma yake, akaangalia suruali nzima ikizaliwa kutoka kwenye takataka, kisha akaenda kukaa kwenye mashine yake bila kuiwasha kwa muda.

Alhamisi wakaja watoto wenyewe kujaribisha, pamoja na mwalimu wao, na ngoma, na tarumbeta. Chumba kilijaa kelele mara moja. Inchi Moja aliacha kila kitu akasimama kuwatazama, maana ndio wateja wa kwanza aliowaona kwa macho katika wiki kumi na moja. Wa miaka kumi na mmoja, kumi na mbili, kumi na tatu. Wakavaa. Wakatoka nyuma ya pazia mmoja mmoja, na chumba kikapungua kelele mpaka kikanyamaza, kwa sababu karibu wote walikuwa wanaonyesha soksi.

Mama Mkasi akaomba karatasi. Akaisoma tarehe, akampa mwalimu naye aisome. Walipimwa kabla ya likizo ndefu, miezi mitano nyuma, na katika miezi mitano hiyo watoto hawakuwa na kazi nyingine zaidi ya kula, kulala na kurefuka. Mwalimu, kijana wa watu, akageuka rangi. Akasema onyesho ni keshokutwa. Akalisema tena, kama vile mara ya kwanza hakulisikia mwenyewe.

 Mama Mkasi alipiga goti mbele ya msichana mmoja wa ngoma, akakunjua pindo la suruali yake, akakuta kitambaa. Akaendelea kukunjua, kikaendelea kuwepo. Akainua macho kumtafuta Inchi Moja, lakini Inchi Moja alikuwa ameshapiga goti mbele ya mtoto wa pili, pini mdomoni, kisu cha kufumulia mkononi. Saa tano zilizofuata hakuna aliyezungumza mle ndani ila watoto. Wawili wale walitambaa sakafuni kutoka mguu hadi mguu, Bwana wa Zipu akashona pindo kwa mara ya kwanza maishani mwake, na Mpiga Pasi alitoa mvuke mpaka madirisha yakalia machozi. Jioni ilipofika, watoto thelathini na mmoja walifunika soksi. Aliyebaki alikuwa msichana wa tarumbeta, mrefu hata hajielewi, ambaye hata inchi ya Inchi Moja haikumfikia. Mwalimu akaahidi kumsimamisha nyuma ya ngoma kubwa.

Ijumaa Mama Mkasi alimwita. Karatasi ilikuwa mezani, imeshawekwa sahihi, lakini aliifunika kwa kiganja mpaka amalize alichotaka kusema. Alisema hajafurahi. Kitambaa kiliharibiwa, agizo lilivunjwa, na miezi sita asiguse mkasi wa kukatia. Kisha akasema, "Oda za watoto, kuanzia leo pindo liwe na vidole viwili zaidi. Nimeandika." Akaondoa kiganja.

Inchi Moja alitaka kumshukuru kwa maneno ya maana, yote yakamkimbia, akamuuliza habari za nyumbani. Mama Mkasi akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali gumu la hesabu, halafu akajibu kwamba nyumbani ni wazima, mama yake tu ndiye anasumbuliwa na goti.

Zikafuata ofisi, foleni, mihuri, na vyeti vilivyorudishwa kwa sababu picha ina kivuli. Karibu miezi tisa hiyo. Mama Mkasi alimpa mabaki ya sufu ya buluu, na Jumapili kwa Jumapili, mezani pa jiko la Shemeji, akashona koti kwa kufuata mafundo ya ule uzi. Kwenye pindo na mikono akaacha inchi tatu, akazikunja kwa bandi, ile mishono mirefu ya mkono ambayo ukiivuta inafumuka yenyewe. Shemeji akamuuliza anamshonea mtoto au anashona hema. Siku hizo mama wa ghorofa ya tano alikuwa ameshafika salamu mbili, na ya pili alikuwa anaianza yeye.

Siku ikafika, mwaka mzima kasoro wiki tatu tangu aondoke. Inchi Moja alisimama mbele ya ule ule mlango unaojifungua, koti mkononi. Ukafunguka kwa watu wengine, ukafunga, ukafunguka. Kisha akamwona mkewe anasukuma mizigo. Macho yakashuka yenyewe kumtafuta Bobini, yakaenda pale pale kwenye kimo alichomwacha, pakawa hapana mtu. Ilibidi ayapandishe. Mtoto alikuwa juu, kimo kimefika begani kwa mama yake, shingo ndefu, anamtazama baba kwa haya kana kwamba anamsubiri amkumbuke.

Walikumbatiana wote watatu wakaziba njia, watu wakawa wanawazunguka na masanduku yao. Inchi Moja alilia, na hakuona sababu ya kujificha. Bobini akavaa koti. Mabega yalikuja sawasawa, hata shangazi asingesema kitu, lakini vifundo vya mikono vilikuwa nje, na chini lilikuwa limeishia juu ya magoti.

"Simama hivyo hivyo," baba yake akasema.

Akapiga goti pale pale sakafuni, akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, akavuta bandi. Pindo likashuka inchi ya kwanza, ya pili, ya tatu, likasimama chini kidogo ya goti, pale panapotakiwa. Mikono nayo akaishusha mpaka ikafika kwenye viganja. Akaanza kuipigia mishono ya haraka ya kuishikilia mpaka nyumbani. Bobini, ambaye amezaliwa na kukulia chini ya meza ya fundi, alikunja ukingo wa koti akaangalia ndani, akapapasa kwa kidole.

"Baba, akiba imekwisha. Mwakani nikirefuka itakuwaje?"

"Mwakani nitakuwepo," Inchi Moja akasema. "Nitakupima."

Akakata uzi kwa meno, akamfunga kifungo cha juu kwa sababu ya baridi, akachukua sanduku kubwa, wakaenda kutafuta treni.